Nyota tatu kwa safari ambayo hatukwenda

Mapitio mengi ya safari huandikwa na watu waliokwenda wakarudi. Wanasifu mchanga, wanalalamikia taulo. Mimi sina la kusema kuhusu mchanga wala taulo kwa sababu sikufika. Nilinunua pakeji, yaani ndege na hoteli kwa pamoja, ya siku kumi kwa watu wanne, yaani mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, nikalipa karibu nusu, kisha mfuko ukatoboka nikaighairi. Huduma niliyoipata ni hiyo tu, huduma ya kuachana. Nilipokuwa katikati ya shida nilitafuta sana mtu aliyeieleza hatua kwa hatua, nikakuta watu wanagombana tu, basi ngoja niiandike mwenyewe. Jina la kampuni naliweka kando. Nimesoma masharti ya wenzake watatu wanne na yanafanana kama mapacha, kwa hiyo hata aliyenunua kwingine anaweza kujikuta humu.

Tulinunua miezi tisa kabla ya kuondoka. Amana ilikuwa asilimia 20 ya bei yote, na salio waliturudishia mpira sisi: lipeni kidogo kidogo kila mwezi, mradi liwe limekwisha siku 70 kabla ya safari. Utaratibu mzuri, siwezi kuwalaumu. Kampuni imesajiliwa Ulaya, na mkataba ulitaja kwamba unafuata Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 kuhusu safari za pakeji. Siku ile niliipita namba hiyo kama mtu anavyopita bango la barabarani. Nilichokiona ni picha ya bwawa.

Siku kama 110 kabla ya kuondoka nikaambiwa kazini kwamba mkataba wangu hautaongezwa. Wakati huo tulikuwa tumeshalipa asilimia 45.

Hapa nakiri kosa langu, na halina uhusiano wowote na kampuni. Nilinyamaza. Si kwa siku mbili. Karibu mwezi mzima. Watoto walikuwa wamebandika kalenda ukutani na kila usiku wanakata siku moja kwa kalamu nyekundu, na mimi napita pale kama simwoni mtu. Mficha uchi hazai, lakini kuijua methali na kuitii ni mambo mawili. Kichwani nilijipa matumaini ya kila aina. Moja lilikuwa la hatari kweli, na nimegundua wengi wanalo: kwamba ukiacha tu kulipa salio, safari itajifia yenyewe, utapoteza ulichokwisha kulipa na basi. Sivyo. Kwenye mkataba wangu, na kwenye ile mingine niliyoisoma, usipolipa salio kwa wakati wao wanaruhusiwa kuhesabu kuwa ni wewe uliyeghairi, tena kwa tarehe wanayoiona wao, na ada ya kughairi ya tarehe hiyo inaweza kuzidi ulichokwisha kulipa. Maana yake unaweza usisafiri na bado ukadaiwa.

Siku ya 84 ikaja barua pepe ya kukumbusha salio. Mke wangu ndiye aliyeifungua, kwa sababu anwani zote mbili zilikuwa kwenye fomu. Jioni akaniuliza taratibu, "Baba, hii tutailipa na nini?" Nikajibu kile ambacho nadhani wanaume wengi wangejibu: tumeshalipa karibu nusu, tukiacha sasa tumetupa pesa. Akasema ile pesa imeshaondoka, tuihesabu ya kulipa kesho. Tukakaa mezani tukaandika: salio la asilimia 55, pesa ya kutumia huko siku kumi, na kodi ya nyumba ya miezi ambayo sikuwa na uhakika wa mshahara. Namba zilikuwa mbaya kiasi kwamba hatukubishana tena.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba ugonjwa wangu una watafiti wake. Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Hal Arkes na Catherine Blumer, waliwaambia watu wafikirie wamenunua safari mbili za kuteleza kwenye theluji, moja ya Michigan kwa dola 100 na nyingine ya Wisconsin kwa dola 50, na kwamba wanatarajia kuifurahia zaidi ile ya Wisconsin. Kumbe zote mbili zimeangukia wikiendi moja na pesa hairudi. Kati ya watu 61, 33 walichagua Michigan. Walichagua safari watakayoifurahia kidogo kwa kuwa waliilipia zaidi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Wiki iliyofuata tulijaribu milango miwili kabla ya ule wa kughairi.

Wa kwanza ulikuwa bima. Bima ya safari tulikuwa nayo, na mimi nilidhani kukosa kazi ndiyo sababu yenyewe. Bima hulipa pale sababu ya kughairi ni mojawapo ya zile zilizoorodheshwa: ugonjwa, ajali, msiba wa ndugu wa karibu, kuitwa mahakamani, nyumba kuharibika. Kuishiwa si mojawapo. Kilichomo kwenye bima nyingi ni kupunguzwa kazini, na hata hapo kuna vikwazo: uwe umeajiriwa kwa muda fulani mfululizo, na siku uliponunua bima uwe hukujua kwamba jambo hilo linakuja. Mimi sikupunguzwa. Mkataba wangu ulifika tarehe yake ukaisha. Yule dada wa bima alikuwa mpole sana, akanisomea kifungu mara mbili bila kuharakisha, na jibu likabaki hapana. Ipo bima nyingine ya kughairi kwa sababu yoyote ile, inauzwa zaidi Marekani. Ni ya bei kubwa zaidi, inatakiwa inunuliwe siku chache tu baada ya kulipa amana, na kwa kawaida inarudisha asilimia 50 hadi 75, si yote. Tusio nayo hatuna.

Mlango wa pili ulikuwa kumpa mtu mwingine safari yetu. Hili wengi hawalijui: chini ya agizo lile la Ulaya, msafiri wa pakeji anaweza kuihamishia kwa mtu mwingine anayetimiza masharti ya safari, mradi atoe taarifa mapema, na taarifa ya siku saba kabla ya kuondoka inahesabiwa kuwa inatosha. Wanaruhusiwa kukutoza gharama halisi ya kubadilisha, siyo adhabu ya kubuni. Shemeji yangu aliposikia macho yalimng'aa. Ana watoto wawili wa umri ule ule, tarehe zinamfaa, na alikuwa tayari kuturudishia tuliyolipa. Tukaandika kuuliza. Kampuni ikajibu siku iliyofuata: hoteli haina neno, gharama ya kubadilisha majina ni ndogo. Shida ni ndege. Tiketi zilikuwa za aina isiyobadilishwa jina, kwa hiyo kubadilisha maana yake ni kuzifuta na kununua mpya nne kwa bei ya siku hiyo, ambayo ilikuwa imepanda. Shemeji alipiga hesabu akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Shem, kwa bei hiyo hata mimi nitakuwa naghairi baada yako." Mlango ukafungwa, lakini bila kinyongo. Kama pakeji yako haina ndege, au ndege yenyewe ni ya kukodiwa na kampuni hiyo hiyo, hapa ndipo pa kuanzia kabla ya pengine popote.

Kuna rafiki alinishauri nisubiri. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Kampuni ikipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8, au ikibadilisha kwa kiasi kikubwa jambo la msingi la safari, unaweza kujitoa bila kulipa ada yoyote. Ni kweli, imo kwenye agizo. Lakini hiyo ni kukaa na ndoano majini huku ngazi ya ada ya kughairi inapanda chini ya miguu yako. Wengine huwaza pia lile sharti la matukio makubwa yasiyozuilika, kama mafuriko au vita. Hilo linahusu kule unakokwenda. Mfuko wako mtupu hautambuliwi kama mafuriko, ingawa nyumbani kwetu ulifanana nayo.

Sasa ile ngazi. Jumamosi usiku, watoto wamelala, nikafungua mkataba nikausoma kwa mara ya kwanza wote. Ada ya kughairi ilipangwa hivi: ukighairi ikiwa zimebaki siku 71 au zaidi, unapoteza amana tu, asilimia 20. Siku 70 hadi 43, asilimia 40. Siku 42 hadi 29, asilimia 60. Siku 28 hadi 15, asilimia 80. Kuanzia 14 kushuka, yote. Nikaenda kwenye ile kalenda ya watoto nikahesabu kwa kidole, nikahesabu tena. Zilibaki siku 72.

Kwa sababu tulikuwa tumelipa 45, kughairi usiku ule kulimaanisha kurudishiwa 25. Kughairi Jumatatu, siku ya 70, kulimaanisha kurudishiwa 5. Sijawahi kuamka kitini kwa kasi ile.

Tovuti yao ni nzuri unaponunua. Unapotaka kutoka ni nyumba nyingine. Ukiingia kwenye safari yako unakutana na kitufe kikubwa cha kubadilisha tarehe na kingine cha kuongeza huduma. Cha kughairi kiko chini kabisa, kijivu, na ukikibofya kinakupeleka kwenye dirisha la kuchati ambako roboti linakuuliza kama ungependa kuangalia tarehe nyingine. Niliandika "ghairi" mara nne. Mara ya nne likanipa namba ya simu inayopokelewa siku za kazi. Ni hapo nilipoondoa nyota ya kwanza. Nikarudi kwenye mkataba, nikakuta kwamba taarifa inatakiwa iwe ya maandishi na kuna anwani ya barua pepe kwa ajili hiyo. Nikaandika mistari mitano: namba ya kumbukumbu, majina yote manne, tarehe ya kuondoka, sentensi moja isemayo naghairi safari hii kuanzia leo, na ombi la kurudishiwa pesa kwenye kadi niliyolipia. Sikueleza habari za kazi. Nilikuwa nimeandika aya nzima ya kuomba huruma, nikaifuta. Haikuwa na kazi yoyote kwenye hesabu yao. Saa nne na dakika arobaini usiku nikatuma. Dakika ile ile likaja jibu la kujiendesha: tumepokea ujumbe wako, tutakujibu ndani ya siku tatu za kazi. Nikapiga picha ya skrini.

Hiyo picha ndiyo iliyolipa.

Jumatatu mchana jibu la mtu halisi likaja, la heshima, likisema safari imeghairiwa kuanzia leo, siku ya 70, ada asilimia 40. Nikaandika tena. Mkataba wenu unasema taarifa inahesabiwa siku inapopokelewa. Ninyi wenyewe mmeniandikia Jumamosi kwamba mmepokea, picha hii hapa. Wakajibu kuwa kupokelewa maana yake ni ndani ya saa za kazi. Nikauliza kifungu namba ngapi kinasema saa za kazi. Kimya, siku moja. Nikaomba suala lipelekwe kwa msimamizi. Kimya kingine, siku ya pili. Alhamisi akaandika mtu mwingine, mistari miwili tu: tumekubali tarehe ya Jumamosi, ada itakuwa asilimia 20, samahani kwa usumbufu. Sikujua kama nishangilie. Nilikuwa nimepigania siku mbili ambazo nilikuwa nazo thelathini.

Kwenye barua hiyo hiyo walinipa chaguo: badala ya kurudishiwa asilimia 25, naweza kupokea vocha ya asilimia 45 yote, ya kutumika ndani ya miezi kumi na miwili. Mke wangu aliinamia skrini akaisoma mara mbili. Ni kishawishi, nisidanganye. Hakuna kinachopotea, na watoto wataambiwa "mwakani" badala ya "hapana". Tuliikataa kwa sababu mbili. Vocha ya asilimia 45 haikupeleki popote mpaka uongeze 55, na hizo hatukujua zitatoka wapi ndani ya mwaka. Pia vocha ni ahadi ya kampuni, na kampuni hufa. Thomas Cook ilianza biashara ya safari mwaka 1841, ikaporomoka Septemba 2019 huku maelfu kwa maelfu ya wateja wake wakiwa safarini. Sisemi hii itaporomoka. Nasema kodi ya nyumba hailipwi kwa vocha. Kama wewe una uhakika utasafiri mwakani na umekwama tu na tarehe, mizani yako ni tofauti, ichukue. Ila uliza kwa maandishi kama muda unahesabiwa hadi siku ya kununua au hadi siku ya kusafiri. Tofauti yake ni kubwa.

Niliwaomba pia wanifafanulie ile asilimia 20 imekwenda wapi, maana agizo linampa msafiri haki ya kuomba sababu za ada anayotozwa. Sikutegemea jibu. Wakajibu vizuri kuliko nilivyotazamia: sehemu kubwa ilikwishalipwa kwa shirika la ndege, kiasi kwa hoteli, kilichobaki ni kazi yao. Sikufurahi, lakini nilielewa, na kwa hilo nawapa nyota yao.

Pesa ilitakiwa kurudi ndani ya siku 14. Ilirudi siku ya 19, baada ya barua moja ya kukumbusha. Tena ilirudi pungufu kidogo ya nilivyohesabu, na hili si kosa lao: nililipa kwa sarafu ya kigeni, na benki ilibadilisha kwa kiwango cha siku pesa iliporudi, si cha siku ilipotoka. Kama kadi uliyolipia imekwisha muda au umeifunga, waambie benki mapema, la sivyo pesa itazurura.

Kulikuwa na vipande vingine tulivyonunua nje ya pakeji. Chumba cha usiku mmoja karibu na uwanja wa ndege kilirudi chote, kwa kuwa tulikata mapema. Angalieni tu kwamba saa ya mwisho ya kughairi bure hoteli nyingi huihesabu kwa saa za kule hoteli iliko. Tiketi za bustani ya wanyama hazikurudi hata senti. Kwa walionunua ndege peke yake, hadithi ni nyingine na ni fupi: tiketi ya bei ya chini mara nyingi hairudi, ila uliza kodi za uwanja wa ndege ambazo hazijatumika, kwani baadhi hurudishwa hata pale nauli isiporudi. Mashirika yanayouza tiketi za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani lazima yakupe saa 24 za kughairi bure, au za kushikiliwa nafasi bila kulipa, kama umenunua kwa shirika lenyewe siku saba au zaidi kabla ya kuruka. Na tafadhali msiegemee ile dhana ya siku 14 za kubadili mawazo kwa kitu ulichonunua mtandaoni. Huko Ulaya haki hiyo ipo kwa viatu na redio. Haipo kwa hoteli na safari za tarehe maalumu.

Watoto niliwaambia Jumapili, kesho yake asubuhi baada ya ile barua ya usiku. Mkubwa aliuliza kama tumefilisika. Mdogo aliuliza kama kalenda itaendelea kukatwa. Tulikubaliana iendelee mpaka mwisho, na sijui kwa nini jambo hilo lilinisumbua kuliko asilimia zote.

Kwa hiyo nyota tatu. Moja imeondoka kwa ajili ya kitufe kijivu na roboti lake. Ya pili nilikuwa sijaiondoa. Kisha, siku saba kabla ya tarehe yetu ya zamani, mwezi mmoja na zaidi tangu pesa irudi, ikaja barua pepe yenye picha ya bwawa: "Zimebaki siku 7! Je, mmeshafunga mizigo?" Mke wangu alinionyesha simu bila kusema kitu. Siku ambayo tungerudi ikaja nyingine, karibuni nyumbani, safari ilikuwaje, tuambie kwa nyota, na chini yake kisanduku kitupu cha maoni. Nimekijaza haya.